Kuchukua paka kituoni: mbona naulizwa maswali kama niliyekwenda kuposa?

#1 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Binti yangu wa miaka sita anaomba paka tangu mwaka jana. Nikaona badala ya kuokota tu, twende kituo cha wanyama tupate aliyepimwa. Kituo sikitaji jina, kiko hapa hapa Nairobi. Nilidhani unachagua, unatoa chochote, unamtia kwenye boksi, mnapanda matatu. Loo! Nilikalishwa kwenye benchi nikapewa fomu ya kurasa mbili. Nyumba ni yako au umepanga? Mwenye nyumba anaruhusu wanyama? Ghorofa ya ngapi, na madirisha yana wavu? Mchana anabaki nani? Mkienda kwenu sikukuu, paka mtamwachia nani? Umewahi kufuga? Huyo wa kwanza alikufaje?

Hilo la mwisho lilinigusa. Paka wetu wa Malindi alikufa kwa kula panya aliyekula sumu, mimi nikiwa darasa la nne. Nikajikuta namsimulia mtu nisiyemjua jinsi bibi alivyomfunga kwenye kanga yake kuukuu na kumzika chini ya mwembe.

Baada ya yote hayo, kuna ada ya kulipa, na Jumamosi wanakuja kuikagua nyumba. Na nyuma ya ploti yetu, pembeni mwa pipa la taka, kuna vitoto vinne vya paka hivi ninavyoandika. Bure kabisa.

Swali langu: kwa nini paka wa kituoni anatolewa kama binti wa watu, kwa posa na mahari, na wa jalalani hana hata mwenyewe? Paka si paka?

Halafu jambo jingine. Binti hakutaka kitoto. Alikwenda kusimama mbele ya kizimba cha jike mzima, kijivu mwenye mistari, sikio la kushoto halina ncha. Nikamuuliza mhudumu ni nani aliyemkata, akaitwa upande wa pili kabla hajanijibu. Limenikaa moyoni mpaka sasa.

#2 Fundi_Nondo (Dar)

Biashara hiyo, mkuu. Paka hajawahi kuuzwa mtaani kwetu. Jirani akizaliwa paka, unaambiwa njoo uchukue kabla hawajatupwa. Leo kuna fomu, kesho utaombwa wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa. Chukua wa pipani, mpe maziwa, umemaliza.

#3 Mwanamvua77 (Unguja)

Fundi, wa pipani hakuna wa bure. Mimi nilimwokota mmoja Darajani sokoni, mvua inanyesha, nikamtia kwenye pochi. Wiki ya kwanza viroboto, ikaja minyoo, macho yakaziba kwa usaha. Wiki ya tatu mwanangu akatoka choa shavuni, duara kama sarafu, na mimi mkononi. Nikachanja, na alipofika umri nikamfunga kizazi. Nilipopiga hesabu nikaona ningenunua mbuzi nikabaki na chenji.

Paka wa kituoni mara nyingi mambo hayo anakuwa kashafanyiwa, yote au baadhi. Ada uliyotajiwa ni sehemu ndogo tu ya gharama. Uliza wanakupa paka akiwa kafanyiwa nini, na wakupe kadi ya chanjo mkononi.

Na maziwa ya ng'ombe usimpe. Paka wengi yanawaharisha, na kitoto kikiharisha siku mbili kinakwisha.

#4 Shume_Mzee (Mombasa)

Kijukuu, hilo sikio ndilo jibu la maswali yako. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tunajua kuna watu hutafuta kiungo cha paka kwa mambo yao ya uganga. Ncha ya sikio, mkia, na akiwa mweusi ndiyo zaidi. Paka huyo kaponea. Kituo wanaogopa kumtoa kwa mtu wasiyemjua asije akarudi kule kule. Mimi maswali yale nayaunga mkono, hata wangeniuliza jina la babu.

#5 Dawa_ya_Mifugo (Morogoro)

Habari wadau. Mimi ni daktari wa mifugo, wanyama wa nyumbani nawaona kila siku. Shikamoo mzee wangu Shume, ila hapo kwenye sikio niruhusu nisahihishe.

Paka wa mitaani anapokamatwa akafanyiwa upasuaji wa kufunga kizazi kisha akarudishwa mtaani, hukatwa ncha ya sikio akiwa bado kwenye usingizi wa dawa. Ni alama, ili mtu akimwona kwa mbali ajue huyu kashafanyiwa, asikamatwe tena akapasuliwa bure. Sehemu nyingi ni sikio la kushoto, kwingine la kulia. Kijukuu, ukirudi liangalie vizuri. Kama mkato umenyooka, kama uliopigiwa rula, ni kazi ya daktari. Kama ni wa kuchanikachanika ni ugomvi, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni dume la jirani.

Kuhusu bei aliyosema Mwanamvua: chanjo ya magonjwa ya paka huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi 3, na paka anahitaji kama mbwa. Hiyo ya kichaa msiikimbie kwa sababu ya pesa. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kuna kampeni za kuchanja bure. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya yenu.

#6 Fundi_Nondo (Dar)

Daktari nakuheshimu, ila hapo kwenye kuhasi mnakosea. Paka aliyehasiwa analala tu, panya wanampita wanamwamkia. Sasa wa nini? Mimi paka nataka afanye kazi.

#7 Kipanga_wa_Kilifi (Kilifi)

Fundi, mimi nina jike aliyefungwa kizazi mwaka wa tatu huu. Wiki jana ameniletea panya buku mlangoni, mkia wake peke yake mrefu kama kiganja changu. Uwindaji hauko kwenye kizazi. Kinachobadilika ni kile kilio cha usiku, na kwa madume, kuzurura na kukojolea milango.

Sasa mnisamehe nitoke kidogo njiani, kwa sababu hapa "paka si paka" inanihusu. Kwetu msitu wa Arabuko-Sokoke kuna paka wenye madoa kama gome la mti, Wagiriama huwaita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, mama mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Watamu, aliwakuta vitoto vyao akawalea. Mwaka 1984 wengine wakapelekwa Denmark, na kufikia 1993 Ulaya wakawa wanatambuliwa kama aina rasmi, kwa jina la Sokoke. Leo mtu wa ng'ambo anakaa kwenye orodha kusubiri mmoja wao. Sisi tukiona mwenye madoa yale yale kando ya njia tunamrushia jiwe.

Ndiyo maana nikisikia kituo kinamuuliza mtu maswali, roho yangu inatulia. Angalau kuna mahali paka wetu anaulizwa atakwenda wapi.

#8 Ustadh_Msafiri (Mombasa)

Assalaam alaykum. Nachangia kwenye neno "kulipa", maana limepitwa haraka.

Kuna hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim inayokemea kuchukua bei ya mbwa na ya paka. Wanazuoni wamehitilafiana. Ibn Hazm ameichukua kwa dhahiri yake, hakuna kuuza paka. Imam Nawawi na wengi wa wanazuoni wamesema makusudio ni paka mwitu asiye na manufaa, au ni karaha tu ili watu wazoee kupeana paka kama zawadi, na wa manufaa akiuzwa, uuzaji unasihi. Kwa hiyo Fundi ana mahali pa kusimama anaposema paka hakuwa wa kuuzwa. Wazee wetu walipeana.

Lakini ada ya kituo nadhani si bei ya paka. Unalipia dawa, chakula na kazi ya mkono wa mtu. Kijukuu akitia nia kwamba anachangia malezi, sioni tatizo. Anayeona vinginevyo atutolee dalili.

Na paka si najisi. Swahaba Abu Qatada alimwinamishia chombo cha maji ya udhu paka anywe, mkwe wake Kabsha akashangaa, naye akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka ni katika wanaotuzungukia majumbani.

#9 Fundi_Nondo (Dar)

Ahsante Ustadh. Umenipa nusu, nusu nitaitafuta mwenyewe.

#10 Binti_Umoja (Nairobi)

Mimi ndiye mtu ambaye maswali yale yametungwa kwa ajili yake. Nasema kweli tupu.

Nilichukua kitoto kwa rafiki, sikuulizwa hata jina langu la pili. Ploti yetu ilikuwa na sheria ya kukataza wanyama, nikajua nitamficha. Miezi mitatu nilimficha. Mama wa chini akasikia, akamwambia mlinzi, mlinzi akamwambia mwenye nyumba. Nikapewa siku tatu: paka atoke au nitoke mimi, na ilikuwa katikati ya mwezi. Nilimpeleka kituoni kwa kikapu cha sokoni, njia nzima analia, na kila abiria ananiangalia. Yule dada wa mapokezi hakunigombeza. Aliuliza jina lake tu, akaliandika. Nilimwambia Tangawizi. Nililia mpaka stendi.

Kwa hiyo Kijukuu, barua ya mwenye nyumba watakayokuomba usiione upuuzi. Sijui Tangawizi alikwenda kwa nani. Naomba awe alipata mtu aliyejaza fomu vizuri.

#11 Baridi_ya_London

Pole sana dada Binti.

Maswali haya hayakuanzia Nairobi. Kituo cha Battersea hapa London kilianzishwa 1860 kwa ajili ya mbwa, paka wakaanza kupokewa 1883. Nilipokwenda kituo cha jirani kuchukua wangu niliulizwa mpaka umbali wa nyumba na barabara kubwa. Na tangu Juni 2024 sheria ya England inataka kila paka wa nyumbani awekewe chipu chini ya ngozi kabla hajafikisha wiki 20, ili akipotea ajulikane ni wa nani.

Mimi kwa maoni yangu kituo kinaogopa jambo moja tu: kurudishiwa. Paka anayerudishwa mara mbili anakata tamaa, anageuka anakuwa wa kujificha, na aliyejificha nyuma ya kizimba hachukuliwi na mtu.

#12 Shume_Mzee (Mombasa)

Marahaba daktari. Nimekubali kuna alama ya madaktari. Ila hujaniambia kwamba waganga hawapo. Vyote viwili vinaweza kuwapo kwenye mji mmoja.

Baridi, hiyo ya kukata tamaa ndiyo siiafiki. Paka hakubali kulala chali, ndivyo tulivyofunzwa. Ukimwangusha vyovyote atatua kwa miguu. Ana roho saba huyu.

#13 Baridi_ya_London

Shikamoo mzee. Huku wanasema tisa.

#14 Shume_Mzee (Mombasa)

Marahaba. Hizo mbili za juu wamezipata wapi na baridi lote hilo?

#15 Dawa_ya_Mifugo (Morogoro)

Zikiwa saba au tisa, kwenye ghorofa ya tatu msizitegemee. Paka hujigeuza hewani, ni kweli, lakini naletewa waliovunjika taya na miguu kwa kuruka wakimfuata ndege dirishani. Lile swali la wavu ni la hospitali kabisa.

#16 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Nimerudi wakuu. Nimesoma zote, na Binti_Umoja umenikalisha kimya.

Nilipitia kituoni jana saa ya chakula cha mchana, nikachungulia lile sikio. Limenyooka. Ni kama mtu kakunja pembe ya karatasi akaikata. Mhudumu akaniambia alikamatwa nyuma ya hoteli moja, akafungwa kizazi, ila aliporudishwa alikuta jengo linabomolewa, hakuna pa kumwachia. Yuko pale tangu Februari. Watu wanakuja, wanataka vitoto.

Jumamosi walikuja nyumbani. Dada mmoja tu, na daftari. Alisukuma kila dirisha kwa kidole, akachungulia nyuma ya friji, akauliza sumu ya panya tunaweka wapi. Nikamwambia katika nyumba hii haijawahi kuingia. Akaandika. Binti akamwonyesha sanduku aliloliandaa, ndani katia sweta yake ya chekechea. Dada akaikunja upya, akaipapasa, akasema hapa patafaa.

Lakini sasa kuna jipya. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minne na mama mkwe amepiga simu: paka asiingie nyumba yenye mimba. Nifanyeje?

#17 MamaChai (Tanga)

Baba, msikilize mama mkwe. Mimi mimba yangu ya pili iliharibika na nyumbani tulikuwa na paka. Hospitali waliniambia ni vijidudu vya paka. Sitaki kukumbuka. Subirini mtoto azaliwe.

#18 Dawa_ya_Mifugo (Morogoro)

Pole sana MamaChai, Mungu akupe faraja.

Kijidudu hicho kipo kweli, na kwa mjamzito anayekipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ni hatari. Ila njia zake tuzijue. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache, mara nyingi ni mara moja tu katika maisha yake. Na kinyesi kibichi hakiambukizi saa ile ile, kinahitaji siku 1 hadi 5. Kwa hiyo karai la mchanga lisafishwe kila siku, na anayesafisha awe Kijukuu, mke asiliguse. Paka abaki ndani, asile nyama mbichi. Kisha mgeukie jikoni kwenu: watu wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hata nyumba ambazo hazijawahi kuona paka. Mke anaweza kupimwa damu kliniki ajulikane kama ana kinga. Mwambieni daktari wake kabla ya kumchukua paka.

#19 MamaChai (Tanga)

Nimekuelewa daktari. Lakini kwangu mimi bado ni hapana.

#20 Mwanamvua77 (Unguja)

Na una haki ya hapana yako, mama. Kijukuu, ongea na mkeo kwanza. Mama mkwe atafuata.

Tena swali ambalo hakuna aliyeuliza: wale vitoto vinne wa pipani wamefikia wapi?

#21 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Wamebaki watatu, mmoja wao mweusi. Mama yao yupo, mweupe mwenye mabaka, mkali. Kila jioni binti anawapelekea maji kwenye kifuniko cha ndoo.

#22 Dawa_ya_Mifugo (Morogoro)

Kama mama yupo na wananyonya, waacheni naye. Wakifika wiki 8 wanaweza kutengana. Ongea na kile kituo, huenda wakakuazima mtego mama naye afungwe kizazi, maana jike anaweza kubeba akiwa na miezi minne tu, mimba yake ni kama siku 64, na anaweza kushika nyingine bado ananyonyesha. Pipa hilo mwakani mtalipisha kodi.

#23 Fundi_Nondo (Dar)

Hapa sasa ndipo nasema ukweli wangu. Sipingi paka kutunzwa. Napinga kuambiwa kwamba mtu asiye na dirisha la wavu, asiye na barua, hafai kuwa na paka. Bibi yangu Kisarawe alikuwa na paka kumi na mmoja, nyumba ya udongo, mlango wa magunia. Walikula alichokula. Alipofariki walikaa ukutani siku tatu hawakushuka. Kituo gani kingempa bibi yangu paka?

#24 Kipanga_wa_Kilifi (Kilifi)

Fundi, hilo ni swali la kweli na sina jibu lake. Fomu imeandikwa kwa ajili ya mtu wa ghorofani. Bibi zetu walikuwa na uwanja, na kijiji kizima kinajua huyu ni paka wa nani. Labda fomu inajaribu kuziba mahali pa kijiji. Labda.

#25 Mwanamvua77 (Unguja)

Au ni pesa za wafadhili, wanadaiwa ripoti kila paka kaenda wapi. Hilo nalo lipo. Nilijitolea kituo kimoja miezi miwili, jioni nzima ilikuwa ya kujaza madaftari.

#26 Ustadh_Msafiri (Mombasa)

Au ni amana tu. Yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lake ni kumfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ukimfungia kiumbe ndani, umebeba riziki yake. Ghorofani hana pa kujitafutia.

#27 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Wakuu, yuko nyumbani. Mke alipimwa, daktari wake kasema sawa kwa masharti yale yale ya #18. Mama mkwe bado hajaja.

Lakini leo siku ya nne na hatujamwona. Tulipofungua kapu alipita kama moshi, akaingia nyuma ya friji. Chakula kinaisha usiku, karai limetumika, yeye haonekani. Binti anakaa sakafuni na kitabu chake cha kusoma anamsomea friji. Jana alilala pale pale. Nimeanza kuona nimemfanyia paka ubaya, na mtoto pia. Anakula dagaa na ugali, nimewachanganyia vizuri.

#28 Baridi_ya_London

Siku nne si kitu. Wangu alikaa ndani ya kabati wiki mbili. Usimvute, usisogeze friji. Mwache binti aendelee kusoma, hiyo ndiyo dawa yenyewe, anaizoea sauti. Mlango wa nje usiachwe wazi kwa wiki tatu hivi.

#29 Dawa_ya_Mifugo (Morogoro)

Akiwa anakula na anapata choo, subira. Akipitisha siku nzima bila kula, niambie.

Ugali punguza sana. Paka ni mla nyama kwa maumbile, kuna virutubisho ambavyo asipovipata kwenye nyama na samaki, macho na moyo vinaharibika. Wahenga walishasema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Dagaa wachemshe bila chumvi wala kitunguu, na ukiweza umchanganyie chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya paka.

Na jamani, wote mnaosoma: paracetamol msimpe paka, hata kipande. Inaua. Wala dawa ya viroboto ya mbwa msimpake. Nimezika wengi kwa sababu ya hizo mbili, na kila mara mwenyewe alikuwa anampenda.

#30 Shume_Mzee (Mombasa)

Kwetu paka mgeni alibebwa ndani ya gunia asijue njia ya kurudi, akifika anazungushwa meko mara tatu. Mara nyingi alikaa. Wewe huna meko, una gesi, sijui utazungusha nini. Lakini mtoto anayemsomea paka kitabu, huyo nimempenda. Mwambie babu wa Mombasa anamsalimu.

#31 MamaChai (Tanga)

Jina lake nani huyo paka?

#32 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Binti anamwita Rula, kwa sababu ya sikio.

#33 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Siku ya kumi na moja. Nimeamka alfajiri kuchemsha maji, sijawasha taa. Nikakanyaga kitu laini, kikasogea bila kukimbia. Nilipowasha, Rula alikuwa katikati ya jikoni, kwenye ile sweta ya chekechea. Kaiburuta mwenyewe kutoka kwenye sanduku. Alinitazama, akageuka, akalala chali, miguu yote minne juu, tumbo jeupe. Pale tumboni kuna kamstari ka mshono, nywele hazijajaa sawasawa.

Mzee Shume, samahani sana, kuna paka hapa kwetu Donholm amelala chali. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka binti akaamka.

#34 Shume_Mzee (Mombasa)

Nimesoma mara mbili. Ngoja niwaulize wa hapa barazani kama wamewahi kuona.

#35 Binti_Umoja (Nairobi)

Kijukuu, nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu siku ile. Nilihama mwezi wa tano. Niko ghorofa ya chini, mwenye nyumba ana paka wawili wake mwenyewe. Wale wa pipani, yule mweusi bado yupo? Wakitimiza wiki nane nitakuja Jumapili na kapu. Niulize maswali yote unayotaka.

#36 Kijukuu_cha_Bibi (Nairobi)

Yupo. Wiki ya nane ni hiyo inayokuja. Binti ameshachukua kalamu, anaandika fomu. Swali lake la kwanza: "Usiku atalala wapi?"